Kumwachia Mungu Bila Kukunja Mikono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakatoliki

Maswali haya nimeyasikia kwa miaka mingi: kwenye jumuiya ndogondogo, baada ya mafungo ya Kwaresima, msibani, na mara nyingi nje ya kanisa mtu akiwa amekwisha kuaga kisha akageuka, "Katekista, samahani, kuna jambo moja." Mimi si padre. Mahali panapomhitaji padre, daktari au polisi nimesema wazi. Unaweza kuruka moja kwa moja hadi swali lako, kwa sababu kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limeelezwa kwingine nimetaja namba.

## Misingi

1. Kumtumainia Mungu maana yake nini hasa?

Ni kuishi kama mtu mwenye Baba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 305, inafundisha kwamba Yesu anatutaka tujiachie kitoto kwa maongozi ya Baba wa mbinguni, anayeyajali hata mahitaji madogo kabisa ya watoto wake. Maongozi ndiyo namna Mungu anavyovielekeza viumbe vyake kwenye ukamilifu aliovikusudia. Hakuumba kisha akaondoka.

Kila siku tunasali "utakalo lifanyike", na wengi wetu tunasali hivyo tukiwa tumeshampangia Mungu cha kutaka. Hapo ndipo kazi ilipo. Rudi kwenye Sala ya Matumaini, ile tuliyokaririshwa tukijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Tunachotumaini kupewa humo ni neema za Mungu duniani na utukufu mbinguni, na sababu inatajwa: "kwani ndiwe uliyeagana hayo nasi, nawe mwamini." Kiwanja hakimo, visa haimo, tarehe ya harusi haimo. Vyote hivyo tunaruhusiwa kuviomba, na tuviombe, ila Mungu hakuagana nasi juu ya hivyo. Mtu aliyejenga tumaini lake juu ya kitu ambacho Mungu hakukiahidi atamwona Mungu kuwa mwongo siku kitakapokosekana.

2. Je, kumwachia Mungu ni kukaa tu na kungoja?

Hapana, na Kanisa lilikwisha kulikataa wazo hilo. Mwaka 1687 Papa Inosenti XI alilaani mafundisho ya padre Mhispania Miguel de Molinos, aliyefundisha kwamba roho inapaswa kutulia bila kutenda lolote, hata isihangaike kupambana na vishawishi. Katekisimu (namba 307) inasema kinyume chake: Mungu amewapa wanadamu nafasi ya kushiriki maongozi yake kwa hiari yao. Anayefundisha darasani, anayechanja watoto, anayepika chakula cha wagonjwa, wote ni mikono ambayo Mungu anaongoza nayo dunia.

Mfano ninaoupenda uko katika Injili ya Marko peke yake, sura ya 4, aya ya 26 hadi 29. Mtu anamwaga mbegu, analala na kuamka, usiku na mchana, nayo mbegu inamea na kukua, "asivyojua yeye." Aliyelima shamba haelezwi hili mara mbili. Kupalilia ni kwako, kuamka alfajiri ni kwako, kufukuza ngedere ni kwako. Lakini hakuna mkulima aliyewahi kuuvuta mche ili urefuke. Mkulima hamwachii Mungu jembe, anamwachia mvua.

3. Mipango, bajeti, kikoba na bima ya afya, je, ni dalili ya imani haba?

La. Yusufu alimtumaini Mungu kuliko wote waliokuwa Misri, na ndiye aliyejaza maghala miaka saba kabla ya njaa (Mwanzo 41). Yesu aliposema tusisumbukie ya kesho, hakukataza kuiandaa kesho. Alikataza ile hali ya kuiishi kesho leo, usiku wa manane, macho yakiwa juu ya dari.

4. Nitajuaje kwamba tatizo langu ni kutaka kushika usukani wa kila kitu?

Jichunguze mahali pa kawaida. Ukimpa mtu kazi, unairudia nyuma yake hata kama ameifanya vizuri? Mtoto akichelewa nusu saa, umeshamzika? Unauliza ushauri kwa watu sita ukitafuta yule wa saba atakayesema unachotaka? Ukisali, unamweleza Mungu shida au unamsomea maagizo?

Dalili ambayo watu hawaitambui ni hasira. Mtu anasema, "Mimi sina wasiwasi," ila kila jambo likienda tofauti na alivyopanga anafoka kwa mke, kwa dada wa kazi, kwa konda wa daladala. Hasira hiyo mara nyingi ni woga uliovaa koti la ubabe. Na iko dalili ya upole pia: kumsaidia kila mtu bila kuombwa, kwa sababu usiposaidia hutajua mambo yatakwendaje.

5. Kwa nini ni vigumu hivi, hata kwa mtu wa Misa ya kila siku?

Kwa wengine ni maisha yaliyowafundisha hivyo. Binti aliyefiwa na mama akiwa na miaka kumi na mbili, akalea wadogo zake, alijifunza kwamba akilegeza mkono nyumba inalala njaa. Wakati ule ilikuwa kweli. Huwezi kumwambia mtu huyo "wewe amini tu" ukaondoka. Kushika mambo yote kulimwokoa, na sasa anaombwa aache silaha iliyomvusha utotoni. Mungu analijua hilo kuliko sisi, na ana subira naye.

Ipo sababu nyingine iliyo ndani yetu sote. Nyoka hakumwambia Hawa kwamba Mungu hayupo. Alimwambia kwamba Mungu anawanyima kitu. Tangu hapo tunahisi tukimwachia tutapunjwa.

## Sala

6. Nisali sala gani?

Fupi, na irudie. Kanisa limetuachia nyingi.

"Yesu, nakutumainia" ndiyo maneno yaliyoandikwa chini ya picha ya Huruma ya Mungu, kufuatana na njozi aliyoipata Mtakatifu Faustina Kowalska huko Płock, Poland, tarehe 22 Februari 1931. Ni maneno mawili tu, unaweza kuyasema ndani ya basi.

Novena ya Kujikabidhi ilitoka kwa Padre Dolindo Ruotolo wa Napoli, Italia (1882–1970). Kila siku unarudia mara kumi maneno ya kumwambia Yesu kwamba unajikabidhi kwake, na kwamba yeye ashughulikie yote. Aliyeandika hivyo si mtu ambaye mambo yalimnyookea: Kanisa lenyewe lilimsimamisha huduma ya upadre kwa miaka mingi, akarudishiwa mwaka 1937, naye hakulikimbia.

Sala ya Mtakatifu Charles de Foucauld, "Baba, najiweka mikononi mwako, unifanye upendavyo", ni nzito zaidi. Nawashauri watu wasiikimbilie. Charles alitamani maisha yake yote kuwa na ndugu wa kuishi naye jangwani. Aliuawa Tamanrasset, Algeria, tarehe 1 Desemba 1916, bila hata mmoja aliyedumu naye. Familia za watawa zinazofuata roho yake zilizaliwa baadaye, akiwa kaburini, na Kanisa likamtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Usipoweza hata moja ya hizo, Malaika wa Bwana inatosha. Mara tatu kwa siku unakopeshwa mdomo wa Bikira Maria: "Ndimi mtumishi wa Bwana, nitendewe ulivyonena."

7. Nimemaliza novena na sijapata nilichoomba. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea popote. Novena si namba ya siri ya kufungulia kasha. Siku tisa zinatoka kwa Mitume na Maria waliokaa wakisali kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, na walichokuwa wakifanya ni kungoja pamoja. Zile jumbe za simu zinazosema usipoituma sala kwa watu tisa utapatwa na balaa, zifute. Ni ushirikina uliovishwa rozari.

Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:8-9). Hilo ni jibu, ingawa silo aliloliomba.

Lakini anayenifariji mimi ni Mtakatifu Monika. Usiku mmoja huko Karthago alikesha katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani, akilia na kumwomba Mungu amzuie mwanawe Agostino asisafiri kwenda Roma. Agostino alikuwa amemdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu. Usiku uleule merikebu ilitweka matanga, na asubuhi mama akakuta pwani tupu. Ombi limekataliwa, au ndivyo lilivyoonekana. Ila kutoka Roma Agostino alifika Milano, akamsikia Askofu Ambrosi, na katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387 akabatizwa. Agostino mwenyewe aliandika baadaye kwamba Mungu hakumpa mama yake alichoomba usiku ule ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote. Monika akiwa pale ufukweni hakuwa na njia ya kulijua hilo. Alirudi nyumbani, akaendelea kusali, kisha akapanda merikebu akamfuata.

8. Nasali lakini wasiwasi hauondoki. Je, wasiwasi ni dhambi?

Hisia peke yake si dhambi. Katekisimu (namba 1767) inasema hisia zenyewe si njema wala si mbaya. Uzito unakuja pale utashi unapoamua. Yesu kule Gethsemane alikuwa katika dhiki hata jasho lake likawa kama matone ya damu (Luka 22:44), na ndipo, katikati ya dhiki hiyo, akasema, "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Kujikabidhi hakungoji moyo utulie.

Kama hulali wiki nzima, moyo unakwenda mbio bila sababu, huwezi kula, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali. Mwambie mtu wa karibu leo. Hilo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na kutibiwa si kumkana Mungu. Mtakatifu Louis Martin, baba yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, aliugua akili uzeeni na kuanzia mwaka 1889 alilazwa miaka mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen, Ufaransa. Watu wa mji walimsema sana. Kanisa lilimtangaza mtakatifu pamoja na mkewe Zélie tarehe 18 Oktoba 2015.

9. Naruhusiwa kumlalamikia Mungu?

Naam. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza "hata lini?" na kulirudia swali hilo. Zaburi ya 88 inaisha gizani kabisa, bila hata mstari mmoja wa faraja, nayo Kanisa huisali kabla ya kulala kila Ijumaa. Anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye. Ninayemhofia ni yule aliyenyamaza kwa adabu.

## Nyumbani, kazini, mfukoni

10. Mimi ni mzaliwa wa kwanza na kila kitu kinanitegemea. Nikiachia, nani atashika?

Swali hili huulizwa na watu waliochoka kweli, na jibu la haraka ni dhuluma kwao. Ada za wadogo, dawa za mama, mchango wa harusi ya binamu, kodi ya nyumba: yote yana simu yako. Kumsaidia ndugu ni amri ya upendo. Ila kuna mstari kati ya kuwasaidia na kuwa mungu wao mdogo, na mtu huuvuka bila kujua.

Jaribu hivi kwa mwezi mmoja. Orodhesha yote unayoyabeba. Weka alama kwenye yale ambayo usipofanya wewe, kwa kweli hakuna mwingine. Utakuta ni machache. Mengine ni mambo ambayo ndugu zako hawajawahi kuombwa, kwa sababu wewe hukimbilia kabla hawajaulizwa. Itisha kikao. Sema kiasi unachoweza na kiasi usichoweza, kwa tarakimu. Watakaokasirika watakasirika. Jumapili usiijibu kila simu. Amri ya kuitakatifuza siku ya Bwana inamtaka hata mtegemewa apumzike, na dunia hubaki imesimama.

Jihadhari na mahubiri ya "panda mbegu upate mara mia". Sadaka ni shukrani. Ukimpa Mungu elfu hamsini ukingoja milioni, hujamwachia kitu, umemfanyia biashara.

11. Mwanangu mtu mzima ameacha Kanisa, au ameingia kwenye ulevi. Nimwachie tu?

Soma kwanza namba 7 kuhusu Monika. Kisha soma Luka 15 ukimtazama baba badala ya mwana. Alimpa fungu lake. Hakumfunga kamba, hakutuma watu wamfuatilie nchi ya mbali. Lakini "alipokuwa angali mbali" alimwona, maana yake macho yalikuwa njiani. Ndiyo namna: mlango haufungwi, sahani inabaki, rozari inaendelea, na pesa ya kununulia pombe haitoki kwako. Mtu mzima akikataa Misa, maneno ya kila siku humfukuza zaidi.

12. Nina miaka thelathini na mitano na sijaolewa. Nitamsubiri Mungu hadi lini?

Huhitaji kukaa ndani umsubiri Mungu abishe hodi na mchumba. Toka, fahamiana na watu, waambie ndugu unaowaamini kwamba unatamani ndoa. Kinachodhuru ni haraka ya Sarai. Mumewe Abramu aliahidiwa mtoto, Sarai akaona Mungu anakawia, akampeleka mjakazi wake Hajiri kwa Abramu (Mwanzo 16), na maumivu yaliyotoka humo yalimwangukia zaidi Hajiri, ambaye hakuwa na kauli. Mfalme Sauli naye alingoja siku saba, akaona Samweli hafiki, akatoa sadaka mwenyewe (1 Samweli 13). Samweli akatokea mara tu alipomaliza. Kwa hiyo mwanamume aliyeoa anapokwambia "mke wangu tumeshaachana, ni karatasi tu", ujue uko siku ya saba.

Na kama ndoa haitakuja? Maisha yako hayajasimama kituoni yakingoja basi. Nasema hivi nikijua linauma.

13. Mume wangu ananipiga. Naambiwa nivumilie, nimwachie Mungu.

Waliokwambia hivyo wamekosea, hata kama ni wazee wa Kanisa na hata kama walisema kwa nia njema. Kumwachia Mungu hakujawahi kuwa na maana ya kuuachia mwili wako upigwe.

Sheria ya Kanisa yenyewe inakulinda. Kanuni ya 1153 inasema mwenzi anayemletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa sababu halali ya kutengana, na panapokuwa na hatari ya kukawia, anayeumizwa anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kutengana huko si talaka, hakuvunji ndoa wala hakukuzuii kupokea Ekaristi.

Ondoka kwanza uwe salama, wewe na watoto. Nenda hospitali upate matibabu na kumbukumbu ya majeraha. Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda huko, na kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Halafu zungumza na paroko. Kumwombea mume unaweza ukiwa kwa shangazi yako, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Msamaha nao unaweza kuja kwa wakati wake, na hautakudai urudi kwenye hatari.

## Yanayotatanisha

14. Nilikwenda kwa mganga "kuangalia tu". Kuna ubaya gani kujua?

Katekisimu namba 2115 na 2116 ndizo za kusoma. Ya kwanza inatuelekeza tujiweke mikononi mwa Mungu kwa yote yahusuyo kesho. Ya pili inakataa kila aina ya uaguzi, kwa kuwa nyuma yake kuna hamu ya kutawala wakati na watu. Ndiyo maana swali hili liko kwenye ukurasa huu. Kwa mganga tunakwenda kutafuta usukani. Sisemi juu ya mtaalamu wa mitishamba anayetibu kikohozi kwa majani. Nasema juu ya anayekutajia nani kakuroga. Nabii wa mtandaoni anayeuza mafuta na kutaja jina la jirani yako anafanya kazi ileile akiwa amevaa suti.

Tunaye shahidi Mwafrika. Mwenye heri Benedict Daswa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Limpopo, Afrika Kusini. Radi zilipounguza nyumba mwanzoni mwa mwaka 1990, wazee waliamua kila mtu achange randi tano apatikane mganga wa kumtaja mchawi. Daswa alisema radi ni tukio la asili, akakataa kuchanga. Tarehe 2 Februari aliviziwa njiani, akapigwa mawe na kuuawa. Alitangazwa mwenye heri tarehe 13 Septemba 2015. Anajua anachosema, maana alijua pia kwamba pale ambapo mchawi "ametajwa", bibi kizee fulani hufa.

Umekwenda tayari? Nenda kwenye kitubio, useme hivyohivyo ilivyokuwa. Ulichopewa kivunje au kichome. Na usigeuze medali au maji ya baraka kuwa hirizi mpya. Visakramenti ni sala ya Kanisa inayotuelekeza kwa Mungu.

15. Nikimtumaini Mungu, niache dawa?

Usiache. Si za presha, si za kisukari, si ARV. Soma Yoshua bin Sira 38:1-15: daktari ameumbwa na Mungu, dawa hutoka ardhini, mgonjwa asali kisha ampe daktari nafasi yake. Omba pia Mpako wa Wagonjwa mapema, mgonjwa angali na fahamu. Si sakramenti ya maiti, na kumwita padre hakuharakishi kifo.

16. Je, ni Mungu aliyetaka mtoto wangu afe?

Mama mmoja aliniuliza hivi siku ya tatu baada ya maziko. Nilikuwa nimejiandaa na majibu na yote yalinikauka mdomoni.

Kanisa linafundisha (Katekisimu 309 hadi 314) kwamba Mungu si chanzo cha uovu wa kimaadili kwa namna yoyote, kwamba anauruhusu kwa sababu anaheshimu uhuru wa viumbe wake, na kwamba anaweza kutoa jema hata katika baya. Linakiri pia kwamba njia za maongozi yake mara nyingi hatuzijui hadi tutakapomwona uso kwa uso. Dereva aliyeendesha gari amelewa akamgonga mtoto ametenda dhambi. Usimvishe Mungu shati lake.

Msibani tunapenda kusema "kazi ya Mungu haina makosa". Najua inatoka wapi, na najua wapo wafiwa wanaoishika kama fimbo ya kutembelea. Mfiwa mwenyewe akiisema, mwitikie. Lakini wewe usiwe wa kwanza kumpelekea mama aliyekaa mkekani. Ayubu aliyesema "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ndiye yuleyule aliyelaani siku yake ya kuzaliwa sura mbili mbele, na rafiki zake walifanya vema siku saba walizokaa naye kimya. Walikosea walipofungua midomo. Yesu naye, akijua atamfufua Lazaro, alilia kwanza.

Yule mama sikumjibu. Tulisali fumbo moja la uchungu. Aliendelea kuja kanisani, akikaa kiti cha nyuma, na mwaka uliofuata alikuwa bado hajaelewa. Simwoni kama mtu aliyeshindwa kumtumaini Mungu.

17. Nitajuaje kama jambo ni mapenzi ya Mungu au ni tamaa yangu?

Kilicho dhambi kiondoe mezani, hakihitaji utambuzi. Yanayobaki ni mema mawili au zaidi, na hapo Mtakatifu Ignasi wa Loyola anasaidia sana. Risasi ya mzinga ilimvunja mguu Pamplona mwaka 1521, na akiwa kitandani aligundua kwamba ndoto za ushujaa zilimfurahisha kisha zikamwacha mkavu, ila mawazo ya kuwaiga watakatifu yalimwachia furaha iliyodumu. Tazama basi kinachobaki baada ya wazo kupita.

Kanuni yake nyingine: ukiwa katika giza la moyo, usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na nuru. Nimewaona watu wakiacha kazi, ndoa na hata nyumba za malezi usiku mmoja wa uchungu. Ngoja kupambazuke, kisha zungumza na padre au mlezi wa kiroho.

18. Nilikuwa natumika kanisani. Nimehamishwa, kwaya imevunjika, na kazi niliyoijenga kwa ajili ya Mungu inakufa. Hata hiyo niiachie?

Ndiyo, na hii huuma kuliko pesa. Kardinali Fransisko Ksaveri Nguyen Van Thuan wa Vietnam alikamatwa tarehe 15 Agosti 1975, miezi michache tu baada ya kuteuliwa askofu mkuu mwandamizi wa Saigon. Alikaa kifungoni miaka 13, tisa kati ya hiyo akiwa peke yake. Alisimulia kwamba usiku haukupita bila kuteswa na mawazo: waamini wake, seminari, miradi ya Mungu aliyoianza, yote yakibomoka. Usiku mmoja alisikia moyoni sauti ikimwambia kwamba atofautishe kati ya Mungu na kazi za Mungu. Kazi zile ni njema, lakini si Mungu. Mungu akizitaka atawapa wengine wazifanye vizuri zaidi.

Humo kifungoni aliadhimisha Misa kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji katika kiganja cha mkono, divai ambayo nyumbani waliiita dawa ya tumbo ili walinzi waipitishe.

19. Asubuhi nakabidhi, jioni nimeshachukua tena. Nafanyaje?

Unakabidhi tena jioni. Petro anasema tumtwike Mungu fadhaa zetu zote (1 Petro 5:7), na aliyewahi kubeba gunia anajua huwa linateleza likarudi begani. Ungama, kama kulikuwa na dhambi: uongo uliosema ili mambo yaende utakavyo, mtu uliyembana, ukali. Wasiwasi wenyewe usiuungame kama kosa (namba 8).

Kwa usiku wa leo, chukua jambo moja tu. Liandike kwenye karatasi. Chini yake andika hatua moja iliyo yako kesho, kwa mfano kumpigia simu mwalimu, kwenda kupima, kuomba msamaha. Yanayobaki usiyaandike. Piga ishara ya msalaba, sema maneno ambayo Kanisa husali kabla ya kulala, "mikononi mwako naiweka roho yangu", uzime taa. Ukiamka saa tisa, yaseme tena.